Mimi na dada tulisikia msiba wa Mwalimu pamoja, lakini kila mmoja anakumbuka lake. Kumbukumbu inafanyaje kazi?

MwanaIlala #1
Wakuu, heshima kwenu.

Juzi kwenye kikao cha familia mazungumzo yalifika kwenye msiba wa Mwalimu Nyerere. Mimi naikumbuka vizuri sana: 14 Oktoba 1999, niko sebuleni kwetu Ilala, TV imewashwa, Rais Mkapa anatangaza kwamba Mwalimu amefariki London. Mama alikuwa kwenye mkeka anapeta mchele. Akauweka ungo mapajani, hakuugusa tena mchana ule. Nikifumba macho naona hadi kitambaa cha kufuma kilichotandikwa juu ya TV.

Dada yangu, ambaye ni mkubwa kwangu, anasema mwaka ule nyumbani hapakuwa na TV. Kwamba tangazo tulilisikia Radio Tanzania, kwa redio ya mpangaji wa chumba cha uani, na mama alikuwa sokoni Buguruni, akarudi habari ameshaisikia njiani. Anaapa kabisa.

Mama ametangulia mbele ya haki, mpangaji hatujui alipo. Sitafuti nani mwongo, maana pale hakuna anayedanganya. Ninachotaka kuelewa ni hiki: ubongo unawezaje kukupa picha kamili, yenye rangi, ya kitu ambacho mwenzako mliyekuwa naye anasema hakikuwepo?

kizibo_cha_ndimu #2
Hata mimi ile siku naikumbuka. Ilikuwa Jumatano, tuliruhusiwa mapema shuleni, mwalimu wa zamu analia paredi.

Jabali la Pongwe #3
#2 ilikuwa Alhamisi mkuu, fungua kalenda. Uzi una posti mbili tu na mfano tayari tunao. Hilo la mwalimu wa zamu sikupingi.

kizibo_cha_ndimu #4
Alhamisi, sawa. Ila yale machozi niliyaona kwa macho yangu.

Msomaji wa Usiku #5
Mleta uzi, kisa chako kinafanana mno na utafiti mmoja unaojulikana. Tarehe 28 Januari 1986 chombo cha anga cha Marekani, Challenger, kililipuka sekunde 73 baada ya kuruka, watu saba wakafa. Kesho yake asubuhi mwanasaikolojia Ulric Neisser aliwapa wanafunzi wake wa Chuo Kikuu cha Emory karatasi waandike: ulisikiaje habari, ulikuwa wapi, na nani, unafanya nini. Akaziweka. Baada ya kama miaka miwili na nusu, yeye na Nicole Harsch wakawauliza wale wale maswali yale yale.

Waliopatikana mara zote mbili ni 44. Robo yao walikosea kila jambo kubwa waliloulizwa. Waliopatia yote ni watatu tu. Na wengi wa waliokosea walijiamini kupita kiasi.

Sasa soma hili taratibu. Mara ya kwanza, kama mmoja kati ya watano alisema habari aliipata kwenye TV. Mara ya pili ni karibu nusu! Wengi wao waliambiwa na wenzao, darasani au walipokuwa wanakula, lakini picha za ule mlipuko zilirudiwa mno kwenye TV mpaka zikakalia kiti cha mbele. Msiba wa Mwalimu nao ulirudiwa hivyo: jeneza linashushwa kwenye ndege, foleni ya kuaga Uwanja wa Taifa, mazishi Butiama tarehe 23. Hayo umeyaona, kama si kwenu ni kwa jirani. Nadhani ubongo umelishona tangazo la redio kwenye picha za TV.

Mama Kijacho #6
Kwa hiyo dada kashinda. MwanaIlala, soda za kikao kijacho ni zako.

MwanaIlala #7
Soda haziji mpaka nielezwe vizuri. Haya, TV imetoka kwenye TV. Mama na ungo wake nao wametoka wapi?

Nesi Mstaafu #8
Habarini wanangu. Nipingane kidogo na #5. Kumbukumbu si mchezo wa kubahatisha hivyo. Mtu akipata mshtuko, mwili unamwaga adrenalini, na ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo inaitwa amigdala inayouambia ubongo: hiki kitunze. James McGaugh kule California amefanya kazi hiyo miaka mingi, kwa wanyama na kwa watu, na inaonyesha kwamba tukio lenye hisia kali hushika zaidi kuliko la kawaida. Ndiyo maana ile Alhamisi unaikumbuka, lakini Alhamisi iliyoitangulia hata uulizwe na polisi hujui ulikula nini.

Jabali la Pongwe #9
Shikamoo nesi. Nakubali kwamba hushika zaidi. Lakini kushika sana na kushika sawasawa ni mambo mawili.

Mkaaji wa Eastlands #10
Mimi ni wa Nairobi. 7 Agosti 1998, Ijumaa asubuhi, nilikuwa ofisini katikati ya mji bomu lilipolipuka ubalozi wa Marekani. Kulikuwa na kishindo kidogo kwanza, watu wakakimbilia madirishani kuangalia. Halafu likaja lile lenyewe. Ndiyo sababu wengi walipoteza macho, vioo viliwakuta usoni. Nairobi pekee walikufa zaidi ya watu 200, na Dar siku hiyo hiyo 11.

Mimi niliponea kwa kuwa nilikuwa nimeinama kwenye droo ya chini nikitafuta faili. Hiyo droo naijua mpaka leo: mpini wake ulikuwa umelegea upande mmoja, ukiivuta inapinda na kukwama. Vumbi lilikuwa na ladha ya chokaa. Lakini niulize nilifikaje nyumbani, nani alinipa maji, nilipanda matatu au nilitembea, sina kitu. Mke wangu anasema nilifika na kiatu kimoja. Nesi, kama mshtuko unatunza, mbona ulitunza droo ukaacha safari nzima?

Nesi Mstaafu #11
#10 pole sana baba. Kwenye hofu kubwa macho na akili hujibana sehemu moja. Kilicho katikati kinaingia kwa nguvu, cha pembeni hakiingii kabisa. Si kwamba umekisahau, ni kwamba hakikuandikwa. Wenye kuibiwa kwa bastola husimulia bastola yote, sura ya mwizi hawana.

Form Six PCB #12
Naomba niongeze, tumegusia kidogo neva darasani nikasoma zaidi. Kuna jaribio la mwaka 2000 la Karim Nader na wenzake, New York. Panya alifundishwa kuogopa mlio kwa kupigwa shoti kidogo kila ukisikika. Akishajifunza, unampigia tena mlio ili akumbuke, halafu papo hapo unamdunga kwenye amigdala dawa inayozuia seli kutengeneza protini. Baada ya hapo hofu inakuwa imepotea. Ukimdunga dawa hiyo hiyo bila kumkumbusha mlio, hofu inabaki palepale.

Maana yake kumbukumbu ikiitwa inalegea, inabidi ifungwe upya. Kaka MwanaIlala, kila ulipokisimulia kisa chako ulikifungua na kukifunga upya, na kila ukifunga kuna kitu kinaweza kuingia.

kizibo_cha_ndimu #13
Panya si mtu, dogo.

Form Six PCB #14
Ni kweli kaka, na kwa binadamu matokeo ya majaribio ya namna hiyo bado yanabishaniwa. Ila hata kabla ya panya, Frederic Bartlett wa Cambridge mwaka 1932 alionyesha kwamba Waingereza waliosomeshwa hadithi ya Wahindi Wekundu waliibadilisha kila walipoirudia. Mitumbwi ikawa boti za kawaida, mambo ya mizimu yakapungua, hadithi ikawa ya Kiingereza. Hawakukusudia.

Dada Mkubwa #15
Nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu. Mimi ndiye dada anayesemwa.

Redio ya mpangaji ilikuwa ya mawe manne, ameifunga kwa mpira wa baiskeli kwa sababu kifuniko cha nyuma kilikatika. Alikuwa anaiweka dirishani. Wimbo ulikatwa, wakapiga muziki wa maombolezo, ndipo Rais akaongea. TV ilinunuliwa mimi nimeshamaliza kidato cha nne, na baba alimlipa fundi antena mbele yangu. Mdogo wangu alikuwa mdogo sana, alikuwa anacheza.

MwanaIlala #16
Dada karibu. Nilikuwa mdogo lakini sikuwa mtoto wa kunyonya.

Msomaji wa Usiku #17
Shikamoo dada. Nyote wawili mna hoja, na nitawaeleza kwa kisa cha Neisser mwenyewe. Yeye alikuwa anakumbuka kwamba 7 Desemba 1941, Wajapani waliposhambulia Pearl Harbor, alikuwa mtoto anasikiliza mpira wa besiboli redioni, matangazo yakakatizwa. Akakaa na kumbukumbu hiyo miaka mingi sana kabla ya kujiuliza: Desemba nani anacheza besiboli Marekani? Msimu unakuwa umeshaisha. Akaitoa mfano wa jinsi kumbukumbu za ghafla zinavyodanganya.

Halafu wakaja wengine wakachimba, wakakuta siku ile kulikuwa na mpira wa miguu wa Kimarekani redioni, kati ya timu zilizoitwa Giants na Dodgers, majina yale yale ya timu za besiboli za New York. Kwa hiyo mtoto alisikiliza mchezo kweli, matangazo yalikatizwa kweli, majina ni ya kweli. Kilichopotea ni aina ya mchezo tu. Mimi kisa hiki kinanizuia kusema kumbukumbu ni uongo. Mara nyingi kiini kinabaki, vipande vya pembeni ndivyo vinabadilishana nafasi. Mama na ungo inawezekana ni kweli tupu, ila ni wa siku nyingine ya juma lile lile la msiba.

Dada Mkubwa #18
Hilo la mwisho linawezekana. Mama alipeta mchele mwingi sana juma lile, kulikuwa na wageni.

WakiliHuru #19
Hapa mnazungumza kwa amani kwa sababu kinachogombewa ni TV. Mahakamani kinachogombewa ni miaka 30 ya mtu. Mahakama ya Rufani ya Tanzania katika kesi ya Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, mwaka 1980, ilisema ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni wa aina dhaifu na usioaminika kirahisi, na hakimu asiutegemee mpaka aridhike hakuna uwezekano wa makosa. Inabidi aulize: mwanga ulikuwa wa nini na mkali kiasi gani, shahidi alimwona mshtakiwa kwa muda gani, umbali upi, alikuwa anamfahamu kabla? Tunaitaja kesi hiyo karibu kila siku.

Na namna ya kuuliza nayo inaharibu. Elizabeth Loftus na John Palmer, 1974, waliwaonyesha watu filamu ya ajali ya magari. Wengine wakaulizwa magari yalikuwa na mwendo gani yalipopondana, wengine yalipogusana. Wa kupondana walikadiria kama maili 41 kwa saa, wa kugusana 32. Filamu ni ile ile. Katika jaribio lao la pili waliwaita watu baada ya wiki wakawauliza kama waliona vioo vilivyovunjika. Filamu haikuwa na vioo vilivyovunjika. Waliosikia neno kali ndio walioviona kwa wingi zaidi: 16 kati ya 50, wakati wa neno la kawaida, kugongana, ni 7 kati ya 50. Kwa hiyo mpelelezi akimwambia shahidi "ulipomwona huyu kijana akikimbia na panga", panga limeshaingia kichwani. Hili linaniuma, kwa sababu maelezo ya polisi huandikwa na polisi, shahidi anaweka sahihi.

KondaWaMbagala #20
Mawakili na mapanya mmeongea, nipeni nafasi. Mimi ni konda. Gari imejaa, abiria kila mmoja kanipa noti yake, huyu elfu mbili, huyu elfu kumi, chenji sina, namwambia subiri. Noti nazikunja kwa urefu nazipanga vidoleni. Nakumbuka wote: dada wa kilemba cha kijani siti ya nyuma ya dereva namdai, mzee wa mlangoni ananidai elfu moja mia nne. Sikosei. Akishuka na chenji yake, mwulize mtu mwingine. Jioni tajiri akiniuliza abiria wa saa nne walikuwa akina nani, hata mmoja simjui. Hiyo mnaiitaje?

Jabali la Pongwe #21
Konda, umelifikia jambo lenye jina. Bluma Zeigarnik, mwanasaikolojia aliyefanya kazi Berlin, alichapisha mwaka 1927 kwamba watu waliokatizwa kazi katikati waliikumbuka kuliko ile waliyoimaliza. Husimuliwa kuwa wazo lilitokana na wahudumu wa mgahawa: deni likiwa wazi wanalikumbuka, likilipwa limefutika.

Msomaji wa Usiku #22
Tahadhari hapo. Waliorudia jaribio la Zeigarnik wengi hawakupata alichopata yeye. Konda nadhani ana sababu nyingine: kila abiria anambandika kwenye siti na rangi ya nguo. Mkononi mwa akili hukaa vitu vichache tu kwa wakati mmoja, George Miller mwaka 1956 alisema kama saba, waliokuja baadaye wanasema hata vinne. Lakini konda hashiki vitu ishirini, ana gari moja lenye nafasi na kila nafasi ina deni lake.

KondaWaMbagala #23
#22 hapo kwenye siti umenena. Abiria wakibadilishana siti njiani nachanganyikiwa vibaya. Lakini la #21 nalo ni kweli, likilipwa linafutika. Siachi hata moja.

Ustadh wa Mkunazini #24
Assalaam alaykum. Kwenye hifdhi, yaani kuhifadhi Kurani, hatuna siti wala rangi ya nguo. Aya 6,236, juzuu 30, na watoto wa miaka kumi na kitu wanazibeba. Siri yake ni muraja'a, kurudia ulichohifadhi. Asubuhi somo jipya, mchana somo la jana, jioni juzuu ya zamani. Mwanafunzi akija na sura mpya nzuri nzuri na ya mwezi uliopita ameiacha, namrudisha. Na lazima asikilizwe na mtu, si kujisomea chini kwa chini. Anayejisomea hujiona amehifadhi mpaka asimame mbele ya mwalimu.

Form Six PCB #25
Waalaykum salaam ustadh. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alipima hilo mwaka 1885 kwa kujihifadhisha silabi zisizo na maana. Ndani ya saa moja zaidi ya nusu ya kazi ilikuwa imepotea, halafu kupotea kukapungua kasi. Na aliona kurudia kwa kuachanisha siku kunashinda kukariri kwa mkupuo.

Mama Kijacho #26
Nami nina langu. Bibi yetu mzaa mama hatutambui tena. Mimi ananiita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Lakini mwanzishie wimbo wa kanisani wa ujana wake, anaimba beti zote, sauti ya pili, hakosei neno. Akimaliza anauliza tena kama chai imeletwa, na kikombe anacho mkononi. Inaniumiza na inanifariji. Hayo mambo yanakaa sehemu tofauti?

Msomaji wa Usiku #27
Mama Kijacho, pole. Ndiyo, na mtu aliyetufundisha hilo ni Henry Molaison, Mmarekani mwenye kifafa kikali. Mwaka 1953 daktari William Scoville alimpasua akaondoa sehemu kubwa ya hipokampasi pande zote mbili, vipande vilivyo ndani ya ubongo usawa wa masikio. Kifafa kilipungua, lakini tangu siku hiyo hakuweza kutunza jambo jipya. Brenda Milner alimfanyia vipimo miaka mingi na kila akiingia alikuwa mgeni kwake. Alimpa kazi ya kuchora nyota huku akiangalia mkono wake kwenye kioo. Kila siku Molaison alichora vizuri zaidi, na kila siku alisema hajawahi kuifanya. Mkono ulijifunza, yeye hakujua. Alifariki 1998.

Nesi Mstaafu #28
Ni 2008, mwanangu. Yote mengine umepatia. Mama Kijacho, kwa bibi yako ya karibuni ndiyo yanatangulia kuondoka, ya ujanani yanachelewa. Muziki mara nyingi hudumu sana. Mwimbieni. Msimsahihishe jina, itikieni tu.

Mama Kijacho #29
Asante nesi. Nitaitika.

Teksi Bubu #30
Mimi nauliza kuhusu ramani. Zamani Dar nzima niliibeba kichwani, Manzese yote vichochoro kwa vichochoro. Tangu nianze kufuata simu inavyosema geuka kulia, nikizimiwa na chaji nakuwa kama mgeni. Ubongo unakufa?

Jabali la Pongwe #31
Haufi, umepunguziwa kazi. Eleanor Maguire mwaka 2000 alipiga picha bongo za madereva teksi wa London, ambao ili wapate leseni huhifadhi kama mitaa 25,000. Sehemu ya nyuma ya hipokampasi yao ilikuwa kubwa kuliko ya watu wengine. Baadaye wakalinganishwa na madereva wa mabasi ya London, wanaopita njia ile ile kila siku. Wa mabasi hawakuwa nayo.

Teksi Bubu #32
Konda, umesikia? Mwambie dereva wako.

KondaWaMbagala #33
Dereva wangu anajua kila shimo kati ya Mbagala na Kariakoo. Waje wampige picha kwanza.

Form Six PCB #34
Hahaha. Mimi naomba msaada mwingine. Mtihani wa taifa unakaribia, nasoma notsi mpaka naziona usingizini, kwenye karatasi zinapotea. Nifanyeje?

Ustadh wa Mkunazini #35
Nimekujibu #24.

Msomaji wa Usiku #36
Ustadh kamaliza, mimi naongeza namba. Roediger na Karpicke, 2006: kundi moja lilisoma makala na kuyarudia kusoma, jingine lilisoma likafunga likaandika linachokumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma waliongoza, walikumbuka asilimia 81 kwa 75. Baada ya wiki waliojipima waliongoza, 56 kwa 42. Mtihani wako hauji baada ya dakika tano. Funga daftari, andika, ndipo ufungue. Na lala.

kizibo_cha_ndimu #37
Na karanga? Nyumbani tuliambiwa karanga zinaongeza akili.

Nesi Mstaafu #38
Kula ukizipenda, ni chakula kizuri. Kinachoharibu kumbukumbu ndicho ninachokijua zaidi. Pombe kali za miaka mingi bila chakula humaliza vitamini B1, na nimewahudumia watu wa namna hiyo wodini. Anakusimulia safari ya jana Morogoro vizuri kabisa na yuko kitandani wiki ya tatu. Hadanganyi, ubongo unaziba pengo.

mama_wa_mapacha #39
Nesi shikamoo. Mmoja wa wanangu alilazwa na malaria ya kichwani, alipoteza fahamu. Alipona, lakini tangu arudi shule unamtuma vitu viwili dukani anarudi na kimoja, na mwenzake hana shida hiyo. Mwalimu anasema ni mvivu. Kuna uhusiano?

Nesi Mstaafu #40
Marahaba. Unaweza kuwepo. Watafiti wa Kilifi, Kenya, wamewafuatilia watoto waliopona malaria kali, na baadhi walibaki na shida ya lugha, kumbukumbu au kifafa. Si wote, na wapo wanaoendelea vizuri wakisaidiwa mapema. Mrudishe hospitali alikotibiwa na karatasi zake za kuruhusiwa, omba apimwe na daktari wa watoto, wamwangalie pia masikio na macho. Nyumbani mtume kimoja kimoja, akirudie kwa mdomo kabla hajatoka. Na mwalimu umpelekee hizo karatasi azione mwenyewe.

mama_wa_mapacha #41
Asante mama. Karatasi ninazo, naenda Jumatatu.